Ukwaju, Moshi na Muchomo: Historia Iliyo Ndani ya Sosi

Nchini Uganda nyama ya kuchoma huitwa muchomo. Neno hilo linatokana na kitenzi cha Kiswahili kuchoma, na hata watu wasioweza kutunga sentensi moja ya Kiswahili hulitumia kila wanaposimamisha gari Namawojjolo au Lukaya kununua mishikaki na ndizi za gonja. Siku hizi, katika hoteli na nyumba nyingi za Kampala, muchomo huletwa mezani pamoja na sosi nzito ya rangi ya damu ya mzee, yenye utamu wa matunda, ukali kidogo na harufu ya moshi. Sosi hiyo hununuliwa ikiwa ndani ya chupa iliyotoka ng'ambo, na wengi wetu huiita sosi ya Kizungu.

Insha hii inapinga jina hilo. Hoja yangu ni kwamba sosi ya nyama choma ni zao la safari za watu wengi, wakiwemo Waafrika, na kwamba kiungo chake muhimu cha uchachu kinatokana na mti wa kwetu. Nitafuata moshi, nyanya, pilipili, sukari na ukwaju kimoja baada ya kingine. Kisha nitaeleza namna ya kuipika nyumbani, na mwisho nitaonyesha kwa nini jambo hili linaihusu Uganda ya leo.

Nianze na moshi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa nyama ya namna hii, babekyu, limetokana na barbacoa, ambalo Wahispania walilisikia kwa Wataino wa visiwa vya Karibiani baada ya Christopher Columbus kufika huko mwaka 1492. Barbacoa ilikuwa jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya moto. Nyama na samaki viliwekwa juu yake vikaiva na kukauka polepole kwa joto na moshi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa anajua uchanja ni nini, na anajua maana ya kubanika samaki. Mti unapoungua polepole hutoa kemikali zenye harufu, na baadhi yake huzuia vijidudu. Kabla ya friji, moshi ulikuwa njia ya kuhifadhi chakula kabla haujawa kionjo. Huku Ankole, Wahima wamekuwa wakifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa nyasi ziitwazo emburara, na harufu hiyo ni sehemu ya ladha ya maziwa yao. Kwa hiyo kupenda ladha ya moshi hatukufundishwa na chupa.

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, waliokesha wakilinda mashimo ya moto kwa ajili ya karamu za wenye mashamba walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waafrika waliofanywa watumwa. Utumwa ulipofutwa huko mwaka 1865, ujuzi huo ukawa riziki yao. Henry Perry, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Tennessee, alianza kuuza nyama ya moshi mjini Kansas City mwanzoni mwa karne ya 20. Sosi yake ilikuwa kali. Utamu mwingi tunaouhusisha leo na sosi za mji ule uliongezwa na waliomrithi.

Nyanya na pilipili zina safari nyingine. Zote mbili asili yake ni bara la Amerika. Wareno, ambao chini ya Vasco da Gama walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, walikuwa miongoni mwa walioeneza mazao ya Amerika katika pwani za Afrika na India. Lugha imetuhifadhia ushahidi wa jambo hili. Neno pilipili ni la kale kuliko pilipili tunayoila sasa. Lilifika pwani yetu kutoka Asia pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, na lilihusu zile punje nyeusi za India. Zao jipya lilipokuja lilirithi jina, na lile la zamani likalazimika kuongezewa maneno ili litofautishwe: pilipili manga. Nanasi nalo limebeba jina lililotoka katika lugha za Amerika ya Kusini na kupitia Kireno. Waganda wakalipokea wakasema ennaanansi. Mwanahistoria asiye na hati anaweza kuanza na majina ya sokoni.

Hata kechapu, ambayo ndiyo msingi wa sosi nyingi za Kimarekani, haikuanzia Marekani. Jina lake linatokana na Kihokkien cha kusini mwa China, na lilikuwa la mchuzi wa samaki waliochachushwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliupenda, wakauiga nyumbani kwao kwa kutumia uyoga na vitu vingine. Mapishi ya nyanya yalichapishwa na James Mease wa Philadelphia mwaka 1812, na kampuni ya Heinz ikaanza kuuza kechapu yake mwaka 1876.

Sukari ndiyo sehemu ngumu zaidi ya historia hii. Molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari inapotengenezwa, ndiyo inayoipa sosi rangi na uzito. Katika Karibiani, miwa ililimwa na mamilioni ya Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Ni rahisi kwetu kulisoma jambo hilo kama habari ya mbali, lakini pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sukari yake. Katika karne ya 19, bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Shuleni tunamsoma kama shujaa aliyepinga ukoloni, na ni kweli aliupinga. Lakini tukiifuata sukari tunakutana pia na watu waliomlimia, ambao majina yao hayamo katika vitabu vyetu. Uganda ilipata viwanda vyake baadaye: Nanji Kalidas Mehta alianzisha cha Lugazi mwaka 1924, na familia ya Madhvani ikafuata Kakira. Kazi ya kukata miwa ilifanywa na vibarua wengi waliotoka mbali, wakiwemo watu wa West Nile na wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi. Hao hawakuwa watumwa, lakini wao pia hutajwa kwa nadra tunapozungumzia utamu wa chai yetu.

Kiungo cha mwisho ni ukwaju. Jina lake la Kiingereza limetokana na Kiarabu tamr hindi, yaani tende ya India, na hata jina lake la kisayansi, Tamarindus indica, linautaja kama wa India. Lakini mkwaju ni mti wa asili wa Afrika ya tropiki, uliofika India zamani sana ukastawi huko. Waarabu waliupa jina la mahali walikoununua, na Wazungu wakaliandika jina hilo kama ukweli wa asili yake. Waafrika walioishi chini ya mti huo walikuwa na majina yao: Waswahili waliuita mkwaju, Waganda omukoge, Wateso epeduru. Teso, tunda hili hutiwa katika uji na ugali wa wimbi, na uchachu wake ni ladha ya nyumbani.

Sasa tutazame chupa. Mapishi mengi ya Kimarekani ya sosi ya nyama choma hutaka matone ya sosi ya Worcester, ambayo Lea na Perrins walianza kuiuza Uingereza mwaka 1837. Kimojawapo cha viungo vyake ni ukwaju. Kwa hiyo ukwaju ulikwisha kuingia katika sosi ya Kizungu muda mrefu kabla chupa hiyo haijafika Kampala. Na katika Bahari ya Hindi haukuwahi kujificha ndani ya chupa: ukila mishikaki Forodhani, Unguja, au mishkak kandokando ya barabara za Muscat, utapewa sosi ya ukwaju. Nyama moja, jina moja na uchachu mmoja katika pande mbili za bahari, zilizounganishwa na majahazi na, kwa muda, na utawala wa Busaidi.

Kwa sababu hizo naona mapishi yanayofuata si uigaji. Chukua gramu 100 za ukwaju, uloweke katika vikombe 2 vya maji ya moto kwa nusu saa, kisha ukamue na kuuchuja. Kata nusu ya nanasi vipande vinene. Viweke kwenye wavu juu ya makaa pamoja na nyanya 6, kitunguu kikubwa kilichokatwa katikati na pilipili 2, mpaka maganda yapate weusi na nanasi lianze kutoa harufu ya sukari inayoungua. Menya nyanya, saga vyote pamoja na punje 4 za kitunguu saumu, kisha chemsha na maji ya ukwaju, gramu 100 za sukari guru, vijiko 2 vya siki na chumvi. Moto uwe mdogo, nawe ukoroge mara kwa mara. Baada ya dakika 30 hadi 40 sosi itashika mgongo wa kijiko. Epua. Eleza bakuli dogo la chuma juu ya sosi, tia ndani yake kaa jekundu la mti, dondoshea samli, ufunike sufuria dakika 5. Ufanye hivi nje au penye hewa. Kuchoma matunda kwanza kunakumbusha uchanja wa Wataino, na kufukiza kwa kaa na samli ni ujuzi wa majiko ya India. Sukari guru imebeba jina la Kihindi na hutengenezwa hapa hapa kwetu.

Ukwaju unaouzwa katika masoko ya Kampala hutoka zaidi kaskazini na mashariki mwa nchi. Huko huko ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya mkaa unaochoma muchomo wetu. Mkwaju hukua polepole, na mbao yake nzito hutoa mkaa mzuri; mti uliochukua miaka mingi kuzaa huisha kwa siku chache ndani ya tanuri la udongo. Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kutoka kaskazini, baada ya miti ya asili, hasa mti wa shea, kukatwa kwa wingi. Marufuku peke yake haiwezi kumpa mkulima sababu ya kuuacha mti. Tunda lenye mnunuzi linaweza. Tunaponunua chupa ya ng'ambo yenye ukwaju ndani yake, na hapo hapo tunachoma nyama kwa mkaa wa mkwaju, tunalipa mara mbili na kubaki bila mti.

Ninahitimisha kwamba sosi hii haina mwenyewe mmoja. Imejengwa na Wataino, wapishi weusi wa Marekani, wavuvi wa China, wakata miwa wa Karibiani, Pangani na Lugazi, na wachuma ukwaju wa Teso. Kuiita ya Kizungu ni kuwafuta wote hao. Kwa sisi tunaojifunza historia kwa Kiswahili, kazi ipo karibu: majina ya vyakula vyetu bado yanasema yalikotoka, na mikwaju iliyosalia bado inazaa.