Kazi Katika Bohari za Dawa za Nairobi

Msomaji kijana, ukisimama kando ya Barabara ya Juja alfajiri utawaona watu wa Huruma wakitoka makundi kwa makundi, wengine kwa matatu na wengine kwa miguu, kwenda mjini na Eneo la Viwanda kutafuta riziki. Baadhi yao huajiriwa katika bohari za dawa. Kidonge umezacho, kabla hakijafika zahanati, kimekwisha kupita katika mikono ya mchukuzi, ya mtunza bohari, ya karani na ya dereva. Yafaa tuijue historia ya mikono hiyo.

Zamani za ukoloni kazi za Nairobi ziligawanywa kwa rangi, na biashara ya dawa haikuepuka desturi hiyo. Mzungu au Mhindi alishika vitabu na mizani. Mwafrika alibeba makasha na kufagia. Mwaka 1957 ikaja Sheria ya Dawa na Sumu, iliyoweka halmashauri ya kuwaandikisha wafamasia. Sheria hiyo ilikuwa ngao ya mgonjwa, kwani dawa kali zisingeuzwa ovyo. Lakini pia ilikata mstari kati ya yule atiaye sahihi na yule abebaye mzigo. Kuuvuka mstari huo kulihitaji elimu, nayo elimu ilikuwa mbali.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mambo yakaanza kugeuka. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na Waasia wengi wakahama kwenda Uingereza. Raia wakapata nafasi ya kuingia katika biashara iliyokuwa ya wengine. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuwafunza wafamasia, na kijana wa Kenya hakulazimika tena kuvuka bahari ili apate ujuzi huo.

Mwaka 1981 Kenya ilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu. Zahanati za mashambani zikaanza kupelekewa masanduku yaliyofungwa tayari, kila moja na kiasi kile kile. Kazi kubwa ilikuwa kuhesabu, kufunga na kusafirisha. Mwaka 1986 makanisa yakaanzisha shirika lao la dawa, MEDS. Na mwaka 2000 serikali ikaunda KEMSA.

Lakini masanduku yale yalikuwa na kasoro: mahali pengine dawa zilibaki zikaharibika, pengine ziliisha upesi. Basi ikaamuliwa kila zahanati iagize ihitajicho. Angalia, msomaji, jinsi badiliko hilo lilivyogeuza kazi yenyewe. Aliyejua kufunga sanduku tu hakutosha. Alitakiwa mtu wa kukadiria mahitaji ya miezi ijayo. Ugatuzi wa 2013 ukaongeza wanunuzi, kwani kaunti 47 zilianza kujinunulia dawa. Na hesabu zilizoandikwa kwa kalamu katika kadi za bohari zikahamia katika kompyuta.

Hata hivyo, usidhani kwamba elimu ni kinga ya kila msukosuko. Mwezi wa Novemba 2021, baada ya kashfa ya ununuzi wa vifaa vya kupambana na Korona, wafanyakazi wapatao 900 wa KEMSA waliambiwa wakae nyumbani. Mchukuzi na karani waliadhibika pamoja kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda. Bohari huajiri kwa uaminifu wake. Uaminifu ukipotea, hata mkate wa asiye na hatia hupotea.

Wazee wetu walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Kubeba makasha si aibu. Lakini historia yatuonyesha kwamba mstari ule wa 1957 ungalipo, ila leo hautazami rangi ya mtu, watazama alichojifunza. Kijana wa Huruma apitaye mlangoni mwa bohari na aulize: Je, nitabeba sanduku hili maisha yangu yote, au nitajifunza pia kilichoandikwa juu yake?