Kikumbo, Mlinda Mlango na Mchezaji wa Akiba: Usalama wa Wachezaji katika Fainali za Kombe la FA, 1956–1965

Historia ya usalama wa wachezaji katika kandanda ya Uingereza aghalabu husimuliwa kama historia ya rafu: ni tendo gani lilikatazwa, na lini. Usimulizi huo huiacha kando kanuni ambayo kwa juujuu haihusu kugusana hata kidogo, yaani ile iliyoizuia timu kuingiza mtu mwingine pale mchezaji wake alipoumia. Insha hii inadai kuwa madhara ya kikumbo hayawezi kueleweka pasipo kanuni hiyo.

Kikumbo cha bega kwa bega kilikuwa halali, na mlinda mlango aliyeshika mpira hakusamehewa. Februari 1936 Jimmy Thorpe wa Sunderland, aliyekuwa pia na ugonjwa wa kisukari, alifariki siku chache baada ya kupigwa mateke katika mechi dhidi ya Chelsea. Baada ya kifo hicho ilikatazwa kumwinulia mguu mlinda mlango aliyedaka mpira. Mguu ulikatazwa, bega halikukatazwa.

Matokeo yake yalionekana Wembley miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1956 Bert Trautmann wa Manchester City aligongana na Peter Murphy wa Birmingham City, akaendelea kudaka hadi mwisho, na timu yake ikashinda 3–1. Siku chache baadaye picha ya eksirei ilionyesha kuwa mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika. Kisa hiki husifiwa mno kama ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, lakini sifa hizo zinaficha shurutisho: Trautmann angetoka, City ingebaki na watu kumi, mmoja wao akiwa langoni pasipo ujuzi wa kazi hiyo.

Hali hiyo hasa ndiyo iliyoikuta Manchester United mwaka uliofuata. Katika dakika ya sita Peter McParland wa Aston Villa alimpiga kikumbo Ray Wood, akamvunja mfupa wa shavu. Beki Jackie Blanchflower akavaa jezi ya mlinda mlango. Wood alirudi baadaye, akawekwa pembeni kama winga, ambako hakuweza kufanya mengi. McParland hakutolewa, ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Villa katika ushindi wa 2–1. Nia yake haina haja ya kuhukumiwa hapa. La msingi ni kwamba kanuni ziliuhesabu mwili ulioumia kuwa hasara ya timu iliyoumizwa peke yake. Mwaka 1958 Nat Lofthouse wa Bolton alimsukuma Harry Gregg pamoja na mpira hadi wavuni, na bao likakubaliwa.

Yawezekana kupinga kwamba tatizo lilikuwa kikumbo tu. Fainali zilizofuata hazikubaliani na hoja hiyo. Roy Dwight wa Nottingham Forest alivunjika mguu mwaka 1959, na Dave Whelan wa Blackburn mwaka 1960. Len Chalmers wa Leicester aliumia mwaka 1961. Hakuna kati yao aliyekuwa mlinda mlango, na kila mara timu ilimaliza ikiwa pungufu au ikiwa na mtu anayechechemea. Mwaka 1965 Gerry Byrne wa Liverpool alivunjika mtulinga mapema, akacheza hadi mwisho wa muda wa nyongeza. Kuulinda mlango dhidi ya bega kusingemsaidia yeyote kati ya hao wanne.

Agosti 1965 ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba, kwa sharti kwamba anayetoka awe ameumia. Sharti hilo, gumu kulithibitisha, liliondolewa baadaye. Tangu hapo nafasi ya akiba ikawa silaha ya kocha kuliko kinga ya majeruhi: aliyeumia baada ya nafasi kwisha alirudi katika hali ile ile ya Wood.

Kasoro hiyo ilishughulikiwa waziwazi mwaka 2021 tu, Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza kujaribu badiliko la ziada kwa mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Badiliko hilo halihesabiwi pamoja na mengine, na timu pinzani nayo hupewa nafasi moja ya ziada.