Bunduki haramu: Kwa nini sheria kali haijawahakikishia usalama wakazi wa Kibera na Kawangware

MJADALA kuhusu udhibiti wa bunduki husikika zaidi kutoka Marekani, hasa kila yanapotokea mauaji shuleni au madukani. Hata hivyo, swali lililo kiini cha mjadala huo, yaani namna ya kupunguza uhalifu wa kutumia silaha, linawahusu pia wakazi wa Kibera na Kawangware jijini Nairobi.

Wamarekani hubishana kuhusu bunduki ambazo sheria inaziruhusu. Silaha zinazowanyima usingizi wakazi wa mitaa hii miwili ni zile ambazo sheria ya Kenya ilizipiga marufuku zamani.

Haki kule, idhini huku

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791, yanalinda haki ya raia kuwa na silaha. Mnamo 2008, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi.

Katiba ya Kenya haina kifungu cha aina hiyo. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayetaka kumiliki bastola sharti aombe leseni na aeleze sababu, na ombi lake linaweza kukataliwa. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i aliagiza raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya.

Ukali huo una historia ndefu. Wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilifanya kupatikana na bunduki kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola, akanyongwa Februari 18, 1957.

Shirika la utafiti la Small Arms Survey lenye makao yake Geneva lilikadiria, katika takwimu lilizochapisha 2018, kwamba raia wa Marekani walikuwa na silaha milioni 393, yaani zaidi ya 120 kwa kila watu 100. Nchini Kenya makadirio yalikuwa 750,000, ambazo ni chini ya mbili kwa kila watu 100.

Lakini kati ya silaha hizo za Kenya, ni takriban 8,000 pekee zilizokuwa zimesajiliwa. Kwa hivyo msako wa leseni humfikia yule aliyekwisha kujitokeza mbele ya serikali, huku jambazi asiye na leseni akibaki nje ya daftari.

Zinakotoka

Nyingi za silaha haramu ziliingia nchini kufuatia kuanguka kwa serikali za nchi jirani. Mwaka wa 1979, utawala wa Idi Amin ulipopinduliwa Uganda, ghala la silaha la Moroto liliporwa. Mwaka wa 1991 ziliporomoka serikali za Siad Barre nchini Somalia na Mengistu Haile Mariam nchini Ethiopia. Bunduki zilivuka mipaka mirefu isiyolindwa, zikawafikia wafugaji wa kaskazini, na baadhi zikafika Nairobi.

Si zote zilizotoka nje. Utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka wa 2008 katika wilaya ya Turkana Kaskazini ulionyesha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa watu kinyume cha sheria zilitokana na akiba ya polisi.

Mitaani, silaha inayopendwa na majambazi ni bastola kwa kuwa hufichika kwa urahisi. Nyingine huundwa kwa vipande vya mabomba ya chuma, na nyingine ni bandia tu, ambazo vijana huziita bonoko. Kwa mama anayesimamishwa kichochoroni akitoka kuchuuza mboga, tofauti haionekani gizani. Sheria nayo huhesabu matumizi ya bunduki bandia katika uhalifu kuwa kosa.

Hofu ya pande mbili

Mkazi wa mitaa hii pia huiogopa bunduki ya serikali. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilihesabu vifo 1,133 kote nchini, na 405 kati ya hivyo vilisababishwa na risasi. Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya.

Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, mashirika ya Amnesty International na Human Rights Watch yalisema watu wasiopungua 33 waliuawa Nairobi, wengi wao na polisi. Kibera na Kawangware zilitajwa. Polisi waliipinga ripoti hiyo.

Hofu hiyo ina gharama katika vita dhidi ya uhalifu. Anayejua chumba inamofichwa bastola huchelea kisasi cha genge, na huchelea pia kwenda kituoni. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioigwa kutoka Tanzania na kuanzishwa 2013, ulinuiwa kuziba pengo hilo, lakini hauwezi kufaulu pasipo imani.

Hatua zilizochukuliwa

Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 ilizitaka nchi za ukanda huu kuweka alama kwenye silaha za serikali na kuwanyima raia bunduki za rashasha. Kenya iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong mnamo Novemba 2016, na nyingine 5,144 mnamo Juni 2021. Zikilinganishwa na makadirio ya 750,000, hizo ni chache mno.

Kwa upande wa polisi, sheria ya mwaka wa 2011 inawataka maafisa kuripoti kila kifo kinachotokana na silaha zao kwa Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Kuongeza adhabu pekee hakutatosha, kwani wizi wa kutumia silaha tayari una hukumu ya kifo katika Kanuni ya Adhabu. Kinachohitajika zaidi ni mipaka inayolindwa, maghala ya polisi yanayokaguliwa risasi kwa risasi, na afisa anayewajibika anapofyatua. Mwananchi akiona hayo yakitendeka, ndipo atakapothubutu kusema bunduki imefichwa wapi.