Kura ya Ndiyo, Wete 2010

Tarehe 31 Julai 2010 nilipiga kura hapa Wete, Pemba, na siku ile sikumchagua mtu wala chama. Tuliulizwa jambo moja: baada ya uchaguzi ujao, chama cha kwanza na cha pili viunde serikali pamoja, au mshindi achukue vyote kama ilivyokuwa? Asilimia 66.4 ya waliopiga kura, Unguja na Pemba, walisema Ndiyo. Mimi ni mmoja wao, na nilisema Ndiyo kwa ajili ya mambo ya mtaani petu, wala si kwa ajili ya nani apewe wizara gani.

Wasioishi Pemba miaka ile hawajui siasa ilivyoingia mpaka jikoni. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Dk. Salmin Amour wa CCM, chama tawala, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, alipewa 49.8. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na kisiwa kizima kikabaki nje ya serikali.

Msimu wa karafuu, jioni, wanawake wa mtaa hukaa jamvini kuchambua. Unakishika kishada, unakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka na makonyo yanabaki mkononi. Ni kazi ya vidole tu, mdomo uko huru, kwa hivyo posa, madeni, ugonjwa wa mtoto, yote huzungumzwa hapo. Baada ya 1995 majamvi yaligawika. Mke wa ami yangu, ambaye nyumba yao ni ya CCM, akawa anachambua peke yake uani kwake, nasi twamsikia akikohoa. Watu waliacha kununua chumvi kwenye duka la mtu wa chama kingine, waliacha kupanda gari yake, na ndoa zilivunjika. Yote hayo naweza kuyasamehe. Linaloniuma hadi leo ni maziko: kumzika Muislamu ni faradhi juu yetu sote, na watu wazima walikaa barazani jeneza likipita.

Na walioshika serikali nao walikuwa na lao. Kijana wa nyumba yetu alizungushwa na sheha, msimamizi wa mtaa anayeteuliwa na serikali, kwa barua ya utambulisho, njoo kesho, njoo Jumatatu, kwa sababu baba yake alijulikana kuwa CUF. Bila barua ile hupati cheti, hupati kitambulisho, na kwa hivyo hupati kura.

Muafaka wa 1999 kati ya CCM na CUF ulitiwa saini na haukutekelezwa. Januari 2001 watu waliandamana, risasi zikapigwa, Wete ikiwemo. Waliokufa walizidi 30, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili ulitiwa saini Oktoba mwaka ule ule, nao ukafifia.

Wazee wetu walisitasita kusema Ndiyo, na walikuwa na sababu. Wao walishaiona serikali ya vyama viwili. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha ASP kilipata viti 10, Hizbu (ZNP) 9, ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Uchaguzi ukarudiwa Juni, watu 68 wakauawa katika fujo, na Hizbu na ZPPP wakaunda serikali chini ya Mohammed Shamte. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, na ikabaki nje tena. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Hizbu na ZPPP waliungana ili ASP isiingie. Sisi mwaka 2010 tuliulizwa kinyume chake, na hilo ndilo nililomwambia baba yangu mpaka akakubali kwenda kituoni.

Tena jambo lenyewe lilianzia nyumbani. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif walikutana Ikulu wakazungumza bila msuluhishi wa nje. Katika uchaguzi wa 31 Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Tofauti ndogo vile zamani ingetutia ndani ya nyumba tukafunga milango. Safari hii Maalim alikubali matokeo, akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Msimu wa 2011 bei ya karafuu ilipanda hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na mke wa ami alikuja jamvini na pakacha lake, akakaa kana kwamba hakuwahi kuondoka.

Lakini tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akafuta uchaguzi wa mwaka ule. Wa marudio, Machi 2016, CUF iliususia. Serikali ya pamoja haikurudi mpaka Disemba 2020, Maalim akiwa sasa katika chama cha ACT-Wazalendo, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki.

Katiba ilipobadilishwa 2010 ilimfunga Rais amchukue Makamu wa Kwanza kutoka upande wa pili, lakini ngazi za chini ziliachwa zilivyo. Sheha bado huteuliwa, hachaguliwi. Ikiwa viongozi wa vyama viwili watakaa tena meza moja, wasianze na wizara. Waanze na sheha: achaguliwe na wakaazi wa shehia yake, kwa kura ya siri, na akimnyima mtu barua aandike sababu na kuitia saini.