Kusakinisha: Kuipa Programu Makao

Istilahi "sakinisha", inayotaja tendo la kuiingiza programu katika kompyuta au simu hadi iwe tayari kufanya kazi, imejengwa juu ya kitenzi chenye asili ya Kiarabu, "sakini", yaani kukaa au kuishi mahali, ambacho kina udugu na "maskani", neno lisilo geni kwa msemaji yeyote wa Kiswahili. Kikiongezwa kiambishi cha kauli ya kutendesha, kitenzi hicho hupata maana ya kumfanya mwingine akae, na hapo ndipo ulipo uzuri wa istilahi hii, kwa kuwa programu iliyosakinishwa haikuletwa tu mlangoni bali imepewa makao: mafaili yake yamenakiliwa mahali panapostahili, na mfumo endeshi umearifiwa kuwa ipo. Neno "weka", ambalo wengi hulitumia na ambalo si kosa, halibebi yote hayo, maana hata picha huwekwa kwenye simu bila kusakinishwa.

Tofauti hiyo humgusa mtumiaji mgeni moja kwa moja, kwa sababu maelekezo mengi humwambia "weka programu" huku yakikusudia matendo matatu yasiyofanana. Kuna kupakua, neno lililotoka jikoni na bandarini, ambako wali hupakuliwa kutoka chunguni na shehena kutoka melini. Kuna kusakinisha kwenyewe. Na kuna kusanidi, yaani kuipangilia programu ifanye kazi kwa namna mwenyewe anavyotaka. Wali uliopakuliwa haujaliwa, na faili lililopakuliwa halijasakinishwa, lakini mgeni aliyeona upakuaji umefika asilimia 100 ana haki ya kudhani kuwa kazi imekwisha, ikiwa hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kwa hatua ya kupakua, mfano mzuri ni LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, ambayo nayo ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Faili lake la usakinishaji kwa Windows huzidi megabaiti 300, na ukubwa huo unapaswa kutajwa kabla ya hatua ya kwanza, si baada yake, kwani anayetegemea bando la simu anahitaji kujua mapema kama litamtosha.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi kimo ndani ya sarufi yenyewe, na waandishi wa maelekezo hawajakitazama vya kutosha. Kompyuta, simu na programu zote zimo katika ngeli ya I-ZI, na wengi huliingiza hata faili humo, hivyo kiambishi "i-" kinaweza kusimama badala ya chochote kati ya hivyo. Sentensi "Ikimaliza, ifunge" ni wazi kabisa kwa aliyeiandika, kwa kuwa anajua anazungumzia programu ya usakinishaji; lakini mgeni aliyekaa mbele ya kompyuta mpakato, ambayo kufungwa kwake ni kufunikwa, hufunika mashine, na mara nyingi mashine hiyo hulala kabla kazi haijakamilika. Hakukosea kusoma, kwani sarufi ilimruhusu kuelewa hivyo. Dawa yake ni kulirudia jina la kitu hata pale ambapo mwalimu wa insha angelikata kwa wino mwekundu, kwa kuwa katika maelekezo marudio si udhaifu wa lugha.

Vilevile, kauli ya kutendwa huficha mtenda. "Programu isakinishwe" haisemi kama ni mtu atakayebonyeza au ni mashine itakayojiendea yenyewe, ilhali mgeni anahitaji kujua lini aguse na lini asubiri. Na pale ambapo kioo kinaonesha Kiingereza, maandishi ya kitufe yanakiliwe kama yalivyo, kwani anayetafuta "Endelea" mahali palipoandikwa "Next" hatakiona kitufe hicho kamwe. Kwa hiyo hatua ya mwisho ingeandikwa hivi: "Programu ya usakinishaji ikimaliza kazi, wewe bonyeza kitufe cha 'Finish' katika dirisha lake, kompyuta yenyewe iache ikiwa wazi na imewaka."