Kiguzo cha Ngazi: Pembe za Mweru na Kerezo la Unguja

Kiguzo cha ngazi ni kijiti kilichokerezwa, kinachosimama juu ya kidato na kubeba mbao ya kushikia mkono. Kimoja peke yake hakizuii kitu; safu nzima ndiyo inayomkinga mtoto asipenye na mzee asianguke. Chini kina ulimi unaoingia katika tundu la kidato. Juu hukatwa mshazari kufuata mteremko wa ngazi. Katikati ndipo fundi anapoonyesha ustadi wake kwa vifundo, viuno na matumbo ya mviringo.

Nyumba kongwe za mawe za Waswahili hazikukihitaji. Ngazi zake zilijengwa kwa mawe na chokaa, zikabanwa kati ya kuta mbili, hivyo hapakuwa na upande wazi wa kuzuia. Hata hivyo ukerezaji wenyewe ulikuwapo pwani, kwa kuwa watu walihitaji matendegu ya vitanda na misuruwaki ya mitawanda. Kerezo la zamani liliendeshwa kwa upinde. Mti ulishikwa kati ya ncha mbili za chuma, kamba ya upinde ikazungushwa juu yake, na fundi akakaa chini: mkono mmoja ulivuta na kusukuma upinde, wa pili ulishika patasi, na vidole vya mguu viliituliza. Mti ulizunguka mbele kisha ukarudi nyuma, kwa hiyo patasi ilikata katika nusu ya mwendo tu. Kazi ya namna hiyo haitoi vijiti viwili vilivyo sawasawa kabisa, na tofauti hizo ndogo ndizo uzuri wa safu ya zamani.

Ngazi za mbao zenye upande wazi zilienea Unguja katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara na mafundi kutoka Bara Hindi. Mfano mashuhuri ni jengo lililokuja kuitwa Zahanati ya Ithnashiri, mbele ya bandari. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, alianza kulijenga mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na kazi ilimalizika mwaka 1894. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa, pamoja na ushoroba wa ghorofani unaozunguka ua wa ndani, zinahesabiwa kati ya kazi bora za useremala katika Mji Mkongwe.

Sehemu ya mali iliyojenga majumba ya aina hiyo ilitoka mbali na bahari. Mwaka 1867 mfanyabiashara wa misafara Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, akapata pembe nyingi za ndovu. Novemba mwaka huohuo msafiri Mwingereza David Livingstone alifika Mweru. Katika mji wa mtawala Kazembe, karibu na ziwa hilo, akamkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Pembe zilibebwa mabegani hadi pwani, na watu nao waliuzwa katika njia hizohizo. Tharia Topan alikuwa miongoni mwa waliomkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara yake. Hakuna kiguzo kinachoweza kuhesabiwa kuwa bei ya pembe fulani, lakini historia ya ngazi hizi ikiandikwa bila kutaja ziwa, nusu yake imeachwa.

Mwaka 1900 jengo la Tharia Topan lilinunuliwa, likawa zahanati chini na makazi juu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 lilikosa matunzo, kama majumba mengi ya jirani. Paa likivuja, ngazi ndiyo huumia mapema: maji hutuama kwenye tundu la kidato, ulimi unaoza, kisha mchwa hufuata. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ililikarabati jengo hilo, na mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Katika ukarabati wa ngazi, swali la kwanza ni kama kiguzo kinaweza kuponywa. Kikipasuka kwa urefu, gundi na vibanio vinatosha. Ulimi ukioza, sehemu mbovu hukatwa, mti mzima hutobolewa kwa keekee, na kijiti kigumu hugundishwa kuunganisha kipande kipya. Fundi mzuri hukata kwenye mfereji chini ya kifundo, ambapo kivuli huficha kiungo.

Kisipofaa, hukerezwa kingine. Kiguzo kizima cha jirani hutolewa kiwe kielelezo: vipimo vya kila kifundo na kiuno huhamishiwa kwenye ubao mwembamba, na unene hupimwa kwa bikari wakati mti ukizunguka. Mti uwe wa jamii ileile, msaji kwa msaji, mvule kwa mvule, na uwe umekauka vizuri. Mti mbichi hukerezwa ukiwa duara, ukikauka unakuwa yai. Kerezo la umeme limerahisisha sehemu hii, ingawa lina hatari yake: hutoa vijiti vilivyonyooka mno, vikasimama katika safu ya kale kama wageni. Kwa hiyo umaliziaji kwa patasi ya mkono bado una thamani.

Kutia kiguzo mahali pake ni kazi ya subira. Pale ulimi ulipochongwa kama mkia wa mbayuwayu, kipande cha pembeni mwa kidato huondolewa kwanza, kiguzo kikasukumwa kutoka ubavuni, kisha kipande kikarudishwa. Kinyooshwe kwa timazi, wala si kwa kufuata wenzake, kwani huenda wao wameshalala upande. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka kipande kipya kipatane na vya zamani na bado kiweze kutambulika. Kwa kiguzo, njia nyepesi ni kuandika mwaka wa kazi chini ya ulimi kabla haujazama katika tundu lake.