Jina la Shetani na Maji ya Mzima

Msafiri atokaye hoteli ya Kilaguni kwenda Amboseli, karibu na lango la Chyulu la mbuga ya Tsavo Magharibi, hukuta ghafla nyasi zimekoma na ardhi imegeuka nyeusi, kana kwamba bahari ya lami ilikuwa ikifurika kutoka kilimani ikaamrishwa isimame papo hapo ilipofika. Hayo ndiyo majabali ya Shetani: zaha iliyomiminika kutoka katika kilima kichanga cha safu ya Chyulu, ikatambaa kiasi cha kilomita 8, ikapoa, na hata leo haioteshi ila ukoga wa kijivu na vichaka vichache vilivyobahatika kupata ufa wa kushikia mizizi. Kwa hesabu ya wataalamu wa miamba, moto huo uliwaka katikati ya karne ya 19, wakati misafara ya pembe ilipokuwa ikipita nyika za Tsavo kati ya Mombasa na bara. Na mtoto aliyeuona angeweza kuishi hata akaisikia reli ikivuka mto Tsavo mwaka 1898.

Husimuliwa kwamba wenyeji, walipoiona ardhi ikipasuka na kutapika moto, walidhani kuwa Ibilisi mwenyewe anatoka chini. Kwamba wako watu na mifugo waliofunikwa wasipate pa kukimbilia. Na kwamba sauti zao husikika hata sasa, ndiyo sababu ya wengine kupeleka chakula na kukiweka chini ya majabali ili kuituliza ghadhabu iliyomo. Mwenye insafu hayacheki masimulizi hayo, kwa kuwa watu walioshuhudia jambo lile hawakuwa na haja ya kubuni hofu. Lakini jina lenyewe linanistaajabisha. Shetani si neno la Kikamba wala la Kimasai. Ni neno la Kiarabu lililofanya maskani katika Kiswahili, na dhana yangu ni kwamba lilifika huko kwa vinywa vya wachukuzi na wafanya biashara wa pwani, waliolitafsiri jambo la bara kwa lugha ya dini yao. Ikiwa ni hivyo, basi sisi watu wa pwani ndio tuliokitia kilima kile jina baya.

Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni iliitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa, na Wakamba, Wamasai, Wataita na Wawaata waliozoea kuchunga, kurina asali na kuwinda humo wakajikuta wametengwa na mpaka ambao hawakuuchora wao. Hoteli ya Kilaguni ikafunguliwa mwaka 1962, wageni wakazidi, na majabali yakawa kituo cha safari: gari husimama, kisa cha Ibilisi husimuliwa kwa dakika chache, mgeni hupanda juu ya mawe makali yanayokata soli za viatu, hupigwa picha, naye huenda zake.

Katika jambo hili wenyeji hawana kauli moja, wala haifai kuwasemea kana kwamba wanayo. Wako wanaopata riziki kwa uongozaji, udereva na kazi za hoteli, nao huutaka utalii uongezeke. Na wako wanaoona kuwa mahali panapotajwa kuwa kaburi la watu hapastahili kukanyagwa kwa kicheko. Walakini manung'uniko yaliyo mazito zaidi hayamhusu mgeni wala Ibilisi, yanahusu hesabu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta; ndovu hutoka humo wakala mahindi ya mkulima; na viongozi wa kaunti hiyo wamedai miaka mingi wapewe fungu katika mapato ya malango. Mimi nayaona madai hayo kuwa ya haki, kwa kuwa anayebeba hasara ya hifadhi hawezi kuambiwa kila mwaka aridhike na fahari yake.

Tena liko jambo ambalo kisa cha kituoni aghalabu hulisahau. Vilima vya Chyulu havina mito, kwa sababu mvua inyeshayo juu yake hunyonywa yote na majivu na zaha, ikachujwa gizani chini ya ardhi, kisha ikazuka katika chemchemi za Mzima ikiwa maji maangavu yanayooneka hadi chini, wakiwamo viboko na samaki, kwa wingi wa lita zaidi ya milioni 200 kila siku. Mawe ya jinsi ile ile iliyolaaniwa kwa jina ndiyo kichujio cha maji hayo, na mgeni huyapiga picha bila kuelezwa kazi yake. Katika miaka ya 1950 likalazwa bomba kutoka Mzima hadi Mombasa, na tangu wakati huo watu wa pwani wameoga, wametawadha na kupika kwa maji yatokayo chini ya vilima vya Chyulu.

Kwa hiyo nawaomba waongozao wageni, na waandikao mabango ya mbuga, wayataje maji kabla ya kumtaja Ibilisi, na wawataje kwa majina ya makabila yao watu walioishi hapo kabla ya malango. Nasi tunaokunywa Mombasa tukumbuke kwamba bomba hilo linapita katika nchi ya Wataita, na kwamba mpaka sasa viko vijiji vya huko vinavyolalamika kuwa havina maji.